Kusimamia timu ndogo kazini: mwongozo kamili wa meneja mpya

Mhasibu hodari hupandishwa kuwa mkuu wa wahasibu. Muuguzi mzoefu hukabidhiwa wodi. Mtaalamu wa programu hujikuta ana wenzake sita wanaoripoti kwake. Wengi hupewa cheo leo na maelekezo baadaye, au wasipewe kabisa. Kinachofuata hutabirika: meneja mpya anaendelea na kazi yake ya zamani kwa kuwa ndiyo anayoimudu, na watu aliokabidhiwa anawashughulikia kwa mabaki ya siku.

Mwongozo huu unamhusu meneja wa timu ya watu wanne hadi kumi, iwe inakaa ofisi moja, inapokezana zamu, au imetawanyika na kukutana mtandaoni. Msimamo wetu ni kwamba sehemu kubwa ya usimamizi ni kusema mambo madogo mapema, kwa mhusika mwenyewe, kwa maneno yasiyo na utata. Timu nyingi huharibiwa na jambo dogo ambalo meneja aliliona Februari akaja kulisema Novemba, kwenye fomu ya tathmini. Ratiba na vikao vinavyoelezwa hapa vipo ili kusema kuwe rahisi kuliko kunyamaza.

Anza na bosi wako

Kabla hujaiita timu, omba saa moja na mtu unayeripoti kwake. Toka hapo na majibu ya maswali manne:

1. Miezi sita ikiisha, ni matokeo gani matatu yatakayoonyesha kwamba timu hii inakwenda vizuri?
2. Ni maamuzi gani naruhusiwa kuyafanya bila kuuliza: likizo, kubadilisha zamu, manunuzi ya hadi kiasi gani, kumkubali au kumkataa mwombaji wa kazi?
3. Je, kuna mtu kwenye timu ambaye tayari kuna shauri juu yake, na limeandikwa wapi?
4. Habari mbaya uletewe kwa njia gani, na kwa haraka gani?

Yaandike majibu kwa nusu ukurasa, mtumie kwa barua pepe siku hiyohiyo, umwombe arekebishe palipokosewa. Mamlaka ambayo hayajaandikwa hupotea siku ya mgogoro wa kwanza. Ukiidhinisha likizo, mkubwa wako akaitengua, kuanzia hapo watu watakuruka na kwenda kwake moja kwa moja, na hawatakuwa na kosa.

Kuhusu swali la tatu, chukua majibu kwa tahadhari. "Yule ni mvivu" si taarifa. Uliza ni kazi gani ilichelewa, lini, na aliambiwa nini. Kama hakuna karatasi wala tarehe, mhesabu mtu huyo kuwa anaanza upya nawe.

Kisha soma kanuni za utumishi za mwajiri wako na mfano wa mkataba wa ajira. Saa mbili zinatosha. Tafuta mambo matano: kipindi cha majaribio ni cha muda gani, hatua za nidhamu zinafuatana vipi, saa za ziada zinalipwaje, likizo zinaombwaje, na malalamiko yanapelekwa wapi. Meneja asiyejua haya huja kuahidi ukumbini kitu ambacho idara ya rasilimali watu itakikataa wiki ijayo.

Hesabu muda wako kabla haujakuishia

Kila mtu anayeripoti kwako atahitaji takribani saa mbili zako kwa wiki: nusu saa ya mazungumzo ya watu wawili, robo saa ya maandalizi na kumbukumbu, na saa moja na robo ya kukagua kazi yake, kujibu maswali na kumwondolea vikwazo. Watu sita ni saa 12. Watu kumi ni saa 20, yaani nusu ya wiki ya kazi ya saa 40, kabla hujahudhuria kikao chochote cha wakubwa. Mgeni kazini hula zaidi ya hapo katika mwezi wake wa kwanza.

Kwa hiyo orodhesha kazi ulizokuwa ukifanya kabla ya kupanda cheo, na upunguze saa zilezile. Gawa, futa, au rudisha kwa bosi wako na hesabu hiyo mkononi. Baki na kazi moja ya kitaalamu ikiwa unaipenda, ila isiwe ile ambayo wengine wanaisubiri ili waendelee na yao. Meneja aliyekuwa fundi bingwa hupenda kushikilia sehemu ngumu kuliko zote, na matokeo yake timu nzima inakaa foleni mlangoni kwake.

Ukubwa wa timu nao una hesabu yake. Watu wanne wana jozi 6 za watu wanaoweza kuelewana au kukosana. Watu saba wana jozi 21, na kumi wana 45. Ndiyo maana timu ikivuka watu saba au wanane, mambo yaliyokuwa yakijulikana kwa kusikiana tu huanza kuhitaji kuandikwa.

Wiki mbili za kwanza

Siku ya kwanza, kutana na timu yote kwa dakika zisizozidi 20. Waambie umepewa jukumu gani, kwamba utazungumza na kila mmoja, na kwamba utaratibu wa kazi haubadiliki mpaka umemaliza kuwasikiliza. Hotuba ndefu ya maono haina faida, kwani bado hujui unachoongoza.

Kisha panga dakika 45 na kila mtu, ukiwauliza wote maswali yaleyale:

– Kazi yako hasa ni ipi, tofauti na ile iliyoandikwa kwenye mkataba?
– Ni nini kinakupotezea muda kila wiki?
– Ni jambo gani hapa lisibadilishwe?
– Ukikwama, unamuuliza nani?
– Ungependa nikuambieje pale ambapo kazi yako haijanifurahisha?

Andika majibu. Thamani iko kwenye kujirudia: watu watatu wakitaja kikwazo kilekile bila kushauriana, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Chagua kimoja kinachoweza kuondolewa ndani ya siku 30, kiondoe, uwaambie kimeondoka. Kuwauliza watu kisha usifanye lolote ni kubaya kuliko kutowauliza. Swali la nne, kwa njia, hukufunulia kiongozi halisi wa timu, ambaye mara nyingi hana cheo chochote.

Mambo yasiyosubiri wiki mbili ni yale yanayohusu usalama, mishahara, sheria, au mtu kunyanyaswa.

Ikiwa jana mlikuwa sawa na leo wewe ndiye mkubwa, shughulikia hilo waziwazi. Kuna uwezekano mmoja wenu aliitaka nafasi hiyo. Mwone yeye kwanza, siku hiyohiyo, faraghani: "Najua uliomba nafasi hii. Sitajifanya sijui. Nataka kusikia unavyojisikia, na nataka kujua ni kazi gani ungependa uikuze mwaka huu." Usiombe radhi kwa kuchaguliwa, wala usimwahidi cheo ambacho si chako kukitoa. Na lile kundi la gumzo ambamo mlikuwa mkiwateta wakubwa, jitoe kwa ujumbe mfupi wa heri. Hawawezi tena kukuteta ukiwa ndani, na wana haki ya kukuteta.

Mazungumzo ya watu wawili, kila wiki

Kama utafuata sehemu moja tu ya mwongozo huu, fuata hii. Panga dakika 30 na kila mtu, siku ileile na saa ileile kila wiki. Ukizidiwa, hamisha ndani ya wiki hiyohiyo. Usifute. Mtu anayefutiwa mara mbili mfululizo anajifunza nafasi yake kwako iko wapi, na ya tatu hatakuja na jambo lolote la maana.

Dakika zigawanywe hivi: kumi na tano za mwanzo ni zake, kumi ni zako, tano za mwisho ni za kuandika mlichokubaliana. Wekeni hati moja mnayoiona nyote wawili, tarehe mpya ikiwa juu. Kila mmoja anaongeza mambo yake ndani ya wiki, ili lisilo la dharura lisubiri kikao badala ya kutumwa kama ujumbe saa tatu usiku.

Anza na swali lililo wazi: "Nini kiko kichwani mwako wiki hii?" Akisema "hakuna kitu," usilirukie pengo hilo. Nyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mara nyingi mtu huanza kusema jambo lenyewe kabla hujamaliza. Akiwa bado kimya, uliza kitu mahususi zaidi: "Kazi gani imekuchosha kuliko inavyostahili?" "Ungekuwa mimi, ungeacha kufanya nini?" "Nani umemsubiri wiki hii?"

Mara moja kwa mwezi, tumia kikao kizima kuzungumzia mbele: anataka kujifunza nini, kazi gani inamchosha, anajiona wapi mwakani. Usichanganye na mjadala wa mshahara, maana fedha ikitajwa hakuna kingine kitakachosikika. Mshahara uwe na kikao chake.

Vikao hivi huharibika kwa njia nne zinazojulikana. Ya kwanza, vinageuka kuwa ripoti ya kazi. Dawa ni kuipeleka ripoti kwenye maandishi siku moja kabla, ili kikao kibaki na yale yasiyoandikika. Ya pili, meneja anazungumza zaidi ya nusu ya muda. Angalia saa, utashangaa. Ya tatu, meneja anatatua kila tatizo papo hapo, na mfanyakazi anajifunza kuleta matatizo mabichi. Kabla ya kujibu, muulize angefanya nini kama usingekuwepo. Akitoa jibu linalofaa kwa sehemu kubwa, mwache alitumie hilohilo. Ya nne ni siri kuvuja. Jambo alilokuambia hapo likitajwa mbele ya wenzake hata kwa utani, umemaliza kazi ya miezi. Lakini usimwahidi mtu usiri kabla hajasema: akikueleza unyanyasaji, wizi au hatari, utalazimika kulipeleka mbele, na ni haki yake kulijua hilo mapema.

Ukiwa na watu zaidi ya saba, wazoefu wanaweza kukutana nawe kila baada ya wiki mbili. Wageni na wanaoyumba wabaki kila wiki.

Kukabidhi kazi bila kuitupa

Wakubwa wengi huamini wamekabidhi kazi kumbe wameitaja tu. Kazi iliyokabidhiwa sawasawa ina vitu sita: matokeo yanayotakiwa, sababu, mipaka, mamlaka, tarehe, na mahali pa kupata msaada. Mfano:

"Nahitaji ripoti ya akiba ya ghala Ijumaa saa nane mchana, isizidi kurasa mbili, kwa sababu mkurugenzi anaamua Jumatatu kama tuagize mzigo mwingine. Takwimu za miezi mitatu zinatosha. Waandikie watu wa ghala mwenyewe, wakikawia zaidi ya siku moja niambie. Jumatano asubuhi nionyeshe rasimu, hata ikiwa ni jedwali tupu lenye vichwa vya safu."

Sababu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayomwezesha mtu kuamua vizuri ukiwa haupo. Anayejua kwamba ripoti inahusu kuagiza mzigo ataweka mbele bidhaa zinazokaribia kwisha. Asiyejua atapanga kwa alfabeti.

Ukimaliza kueleza, usiulize "umeelewa?" Kila mtu huelewa akiulizwa na mkubwa. Uliza: "Utaanzia wapi?" au "Unaona ugumu utakuwa wapi?" Kwa sekunde thelathini utajua kama mnazungumzia kazi moja.

Mamlaka yasiachwe hewani. Tumia moja ya ngazi hizi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

– Chunguza, uniletee taarifa, nitaamua mimi.
– Chunguza, uniletee pendekezo lako.
– Amua, uniambie kabla hujatekeleza.
– Amua, tekeleza, kisha uniambie.

Ngazi hutegemea uzoefu wa mtu katika kazi *hiyo*. Hapa ndipo wengi huteleza: mtu mwenye miaka 15 kazini anapewa kazi asiyowahi kuifanya na kuachwa peke yake kwa sababu ni mkongwe, huku kijana aliyeifanya mara nane akichungwa kila saa. Mkongwe huyo atakwama kimyakimya, kwani anaona aibu kuuliza.

Weka ukaguzi wa kwanza mapema, kwenye robo ya muda. Kwa kazi ya siku kumi, iangalie siku ya pili au ya tatu, ikiwa bado mbichi. Kosa la mwelekeo siku ya pili linagharimu saa moja, na siku ya tisa linagharimu kazi yote. Baada ya ukaguzi huo, jizuie. Kuomba taarifa kila asubuhi kwa kazi inayokwenda vizuri ni kumwambia mtu humwamini.

Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Wengine wanaweza kusaidia, ila anayeulizwa ni mmoja. Mhandisi wa kilimo Mfaransa, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu za watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: kundi la watu wanane lilivuta takribani nusu tu ya jumla ya nguvu ambazo wangevuta kila mmoja peke yake. Sehemu ya upungufu ilikuwa ugumu wa kuvuta kwa pamoja, na sehemu ilikuwa kutegea. Kazi waliyopewa "wewe na mwenzako" hufuata njia hiyo.

Kazi ikirudi ikiwa na kasoro, usiichukue ukaimalizia usiku. Inaonekana ni huruma, lakini umemfundisha kwamba kazi yake inaishia kwenye rasimu. Mwonyeshe kasoro mbili au tatu kubwa, airekebishe yeye. Isipokuwa mteja anasubiri mlangoni: hapo malizeni pamoja, kisha mzungumze kesho. Na kila miezi mitatu tazama ni nani amepewa kazi ngumu na ni nani nyepesi. Anayefanya vizuri hubebeshwa zaidi mpaka anaondoka, na hapo ndipo meneja hushangaa.

Mrejesho: sema ndani ya siku mbili

Mrejesho una sehemu tatu: tukio, tendo, athari. Kisha unanyamaza.

"Jana kwenye kikao na mteja, ulimkatiza mara tatu alipokuwa akieleza tatizo lake. Baada ya hapo alinyamaza, tukatoka bila kujua bajeti yake. Wewe ulionaje?"

Linganisha na "huna heshima kwa wateja." Ya pili ni hukumu juu ya tabia, na mtu atatumia nguvu zake zote kujitetea. Ya kwanza ni jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa. Huenda akakueleza usichokijua, kwamba mteja alitaja siri ya kampuni nyingine na yeye akawa anamzuia.

Kanuni chache. Sema ndani ya siku mbili, hasira zikiwa zimepoa lakini tukio bado halijasahaulika. Sema faraghani, kwani mtu akisemwa mbele za watu hukumbuka fedheha tu. Sema jambo moja kwa kikao kimoja; ukianza kufukua ya mwezi uliopita umefungua kesi. Usitumie "daima" wala "hujawahi." Na usilifunge onyo katikati ya sifa mbili: msikivu atasikia sifa tu, na mwerevu ataanza kuogopa kila unapomsifu.

Kumung'unya maneno ndiyo hatari kubwa, hasa mbele ya mtu anayekuzidi umri. Mpe heshima yake yote katika salamu, mahali na sauti, lakini usipunguze kiini. Jipime hivi: mkiachana, je, angeweza kumweleza mtu mwingine ni nini hasa unataka kibadilike? Kama anafikiri mlikuwa na mazungumzo mazuri tu, hujasema.

Sifa nazo ziwe mahususi. "Kazi nzuri" haimfundishi mtu chochote. "Ulivyompigia msambazaji kabla ya mzigo kuchelewa ndiko kulikotuokoa wikendi" kunamwambia arudie nini.

Kuhusu makosa, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990 alitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Akakuta timu zilizokuwa na uongozi mzuri na uhusiano mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo sekunde kumi za kwanza baada ya kuletewa habari mbaya zina uzito. Sema "asante kwa kuniambia mapema," zuia madhara, andikeni mtiririko wa matukio kwa saa, kisha muulizane ni nini kwenye utaratibu kiliruhusu kosa kupita. Nani alikosea kwa kawaida kinajulikana tayari. Uzembe wa makusudi au uwongo ni shauri jingine, na lifuate njia ya nidhamu.

Malengo na vipimo

Kila mtu awe na malengo yasiyozidi matatu kwa robo mwaka, yaliyoandikwa kiasi kwamba watu wawili wanaosoma watakubaliana kama yametimia. "Kuboresha huduma" halipimiki. "Kila barua pepe ya mteja ijibiwe ndani ya saa nne za kazi" linapimika.

Lakini kila namba ina njia ya kuidanganya. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 jinsi takwimu inavyopoteza uaminifu wake ikishaanza kutumiwa kudhibiti. Pima idadi ya simu zinazopokelewa, na watu watakata simu haraka. Dawa ni kuioanisha kila namba na ya upande wa pili: kasi na kazi zilizorudiwa, mauzo na bidhaa zilizorudishwa. Na mara moja kwa mwezi angalia kazi yenyewe kwa macho.

Vikao vya timu

Kimoja kwa wiki, dakika 45, ajenda itumwe siku moja kabla. Kila jambo kwenye ajenda liwe swali linalotaka jibu. Taarifa tupu zitumwe kwa maandishi. Toa maoni yako mwisho, kwa sababu mkubwa akisema kwanza wengine huitikia. Maazimio yaandikwe papo hapo, kila moja na jina na tarehe. Kikao kikikosa swali, kifute.

Kwa timu iliyotawanyika, ongeza mambo matatu. Kubalianeni muda wa saa tatu au nne kila siku ambao wote wanapatikana, na muda wa kujibu kila njia: simu kwa dharura, gumzo ndani ya saa chache, barua pepe kesho yake. Uamuzi wowote uliofanyika kwa mdomo uandikwe siku hiyohiyo mahali wote wanapoona. Na mmoja akiwa mtandaoni, endesha kikao kana kwamba wote wako mtandaoni, maana wanaokaa pamoja chumbani humsahau ndani ya dakika tano.

Mtu anaposhuka kiwango

Kabla ya kuchukua hatua, tafuta chanzo. Je, hajui kinachotakiwa? Hana ujuzi? Hana vifaa au muda? Amepatwa na jambo nyumbani au kiafya? Au anaweza ila hataki? Vyanzo vinne vya mwanzo ni vingi kuliko cha mwisho, na kila kimoja kina tiba yake. Kumpa onyo mtu asiye na vifaa ni kujitafutia adui.

Mazungumzo ya kwanza yafanyike ndani ya wiki moja baada ya kuona mwelekeo, ukiwa na mifano miwili au mitatu yenye tarehe. Eleza pengo: "Tulikubaliana ripoti ije kila Ijumaa. Tatu kati ya nne zilizopita zimekuja Jumanne. Kuna nini?" Sikiliza. Kubalianeni mabadiliko na tarehe ya kuangalia tena, baada ya wiki mbili. Jioni hiyo mtumie muhtasari wa mistari mitano.

Ikiwa hakuna mabadiliko, nenda kwa idara ya rasilimali watu *kabla* ya mazungumzo ya pili. Wao wanajua kanuni za mwajiri na sheria ya kazi mahali mlipo. Kisha weka mpango wa maandishi wa siku 30 hadi 60: mambo mawili au matatu yanayotakiwa kubadilika, yatapimwaje, atapewa msaada gani, mtakutana lini kila wiki, na nini kitafuata yasipobadilika. Hilo la mwisho liandikwe bila kificho. Mpango ambao umeshaamua hautafaulu ni udanganyifu, na timu nzima itautambua. Ikiwa ni hivyo, zungumzia kuachana kwa heshima.

Kila hatua iwe na kumbukumbu: tarehe, kilichosemwa, kilichokubaliwa. Andika matukio, usiandike maoni juu ya utu wake. Andika kana kwamba yeye mwenyewe atasoma, kwa kuwa huenda akasoma.

Kesi ngumu kuliko zote ni mtu anayefanya kazi kwa ustadi mkubwa huku akiwadharau na kuwatisha wenzake. Mameneja humvumilia kwa sababu ya namba zake. Hesabu yake haikamiliki bila kuongeza waliohama, wanaokwepa kumuuliza, na makosa yaliyofichwa asiyajue. Mwenendo wake ni sehemu ya kazi, upimwe kama sehemu nyingine yoyote. Unyanyasaji wa kijinsia, vitisho au ubaguzi havipitii mpango wa siku 30: pokea taarifa, usichunguze mwenyewe, ipeleke panapohusika siku hiyohiyo, na uhakikishe aliyelalamika haadhibiwi kwa kusema.

Mtu anapoaga

Akileta barua ya kuacha kazi, usibishane naye siku hiyo. Kubalianeni tarehe ya mwisho na lini timu itaambiwa, nayo iwe ndani ya siku mbili, kabla fununu hazijatangulia. Makabidhiano yaanze mara moja: orodha ya kazi zote zilizo wazi, watu wa nje anaowasiliana nao, nywila na funguo za kurudishwa, na mambo anayoyajua ambayo hayajaandikwa popote. Anayerithi kazi aifanye mwenyewe angalau mara moja huku anayeondoka akitazama, kwani maandishi peke yake huacha hatua ambazo mzoefu hazioni tena. Tenga wiki mbili kwa hilo. Mazungumzo ya kuagana yafanywe na mtu asiyekuwa wewe, ikiwezekana, na majibu uyapate kwa maandishi.

Kabla ya kutangaza nafasi, iandike upya kazi hiyo kama ilivyo leo. Aliyeondoka huenda alikuwa akifanya kazi za watu wawili, au nusu ya moja.